Picha za Mtu Anayeukataa Mrija

Ugonjwa wangu wa pombe ulikula baiskeli nzima, kiwanja cha nyumba ambacho leo mtu mwingine amepanda maua juu yake, ng'ombe jike mwenye mimba, meno mawili ya mbele na sauti ya mke wangu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliisahau sauti, maana hakuna mtu aliyeinunua. Ilikatika tu. Siku moja Venansia aliacha kunigombeza, na mimi mjinga nikadhani nimepata amani.

Naandika kwa sababu siku hizi naweza kushika kalamu nayo ikabaki mkononi, na kwa sababu kila nikipita kwenye dispensari ya masista naona mtu amekaa pale nilipokaa mimi, macho chini, mikono kati ya magoti ili isionekane. Pombe inafanya nini ndani ya ini, mwulize muganga. Mimi nitasema ninachokijua.

Kazi yangu ni udalali. Nasimama kati ya mtu mwenye ng'ombe au maharagwe, huko Rutshuru na Kiwanja, na mtu mwenye hamu navyo hapa Goma. Kwetu bei haijawa bei mpaka mtungi wa kasiksi uletwe, ile pombe yetu ya ndizi. Mwenye nyumba anaonja kwanza, watu wote wakimwangalia, ijulikane kwamba hakutia kitu. Halafu mrija wa kunywea unapita kwa mnunuzi, kwa muuzaji, kwa dalali. Ukiukataa, umesema neno zito bila kufungua mdomo: umesema huyu ni mtu wa sumu. Kwa hiyo sikuukataa. Na dalali mzuri ana bei nyingi kwa siku moja.

Mwanzoni nilikunywa kwa sababu nimeuza. Baadaye nikawa nauza ili ninywe, na kuna ng'ombe niliowaachia kwa bei ya mbuzi kwa sababu niliona mtungi umekwisha kutolewa ndani. Mwishoni kasiksi ikawa kama maji tu kwangu. Asubuhi mikono ilinitetemeka mpaka ninywe kanyanga, ile kali inayopikwa kwa kujificha na kuuzwa ndani ya birika la chai, polisi akipita aone watu wanakunywa chai kwa adabu.

Mikono ndiyo iliyonisaliti. Magunia yetu ya maharagwe yalikuwa yanashuka Kituku, bandari yetu ya ziwani, kupakiwa kwenye mashua ya Bukavu, na kwa kuwa wenye magunia wengi hawasomi, mimi nilikuwa nawaandikia alama kwa rangi nyeusi: huyu jogoo, huyu kisu, huyu mwezi. Alama zangu zilijulikana pande zote mbili za ziwa. Asubuhi moja nilikosa kanyanga, nikachora hivyo hivyo. Jogoo akatoka kitu chenye miguu mingi. Mwezi ukafanana na kisu, kisu hakikufanana na kitu. Magunia yakafika Bukavu yakiwa yatima. Akina mama wenye maharagwe walinifuata hadi nyumbani, na nilipotoka mbio kwa mlango wa nyuma nikaanguka juu ya mawe yetu haya meusi ya volkano, yanayokata hata ngozi ya kiatu. Meno yalibaki pale.

Venansia alinikuta pale. Alinifunga mdomo kwa kitambaa, akanishika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa kuchanjwa, tukaenda dispensari.

Kwenye benchi walikuwa wanawake na watoto wagonjwa tu. Mama mmoja aliangalia nyuma yangu, akaangalia chini ya benchi.

"Papa, mutoto mugonjwa iko wapi?"

"Mutoto ni mimi," nikasema, damu ikinitoka.

Akacheka, halafu akanusa, akaacha kucheka. Alisogeza kikapu chake kidogo. Lakini mtoto wake alipolala, alimega kiazi alichokuwa nacho akampa Venansia kipande. Hakunipa mimi, akampa yeye. Nimekikumbuka sana kiazi kile. Mama yule ndiye mtu wa kwanza aliyeona kwamba kwenye benchi lile wagonjwa walikuwa wawili.

Sista mrefu, ndivyo tulivyomwita, alinishindilia sindano na kunipa amri. Kila asubuhi nirudi kuchomwa. Nisiachwe peke yangu. Akamweleza Venansia kwamba mtu wa namna yangu akiacha pombe ghafla anaweza kufa katika siku zile za kwanza, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa naye na kujua lini ni kungoja na lini ni kukimbilia dispensari. Akaandika yote kwenye karatasi. Kwa Kifaransa.

Ndipo wakaja akina mama wa Mama Kavira. Mama Kavira ni Munande, asili yake Butembo, mjane wa dereva wa kamio, yaani lori, aliyekunywa mpaka kamio ikapinduka naye porini. Baada ya maziko alikusanya wake na wajane wa walevi, bila kujali nani wa kabila gani, wakaanza kukaa kwa zamu na mtu yeyote anayetaka kuacha. Wanakuja na uji wa mtama, mkeka na rozari. Wana moyo wa chuma. Walichokosa ni kujua watazame nini.

Zilikuwa mvua kubwa wakati ule. Nilikuwa natoka jasho na kuona panya wenye kofia wakipita kwenye boriti. Mama mmoja alipoona natetemeka akasema ni malaria, akaninywesha kinini. Mwingine akasema ni baridi, akawasha moto karibu na kitanda mpaka mkeka ukaungua pembeni. Mtu mzima nikazimwa kama kibanda. Ile karatasi ya Sista ilikunjwa vizuri na kuwekwa chini ya mguu wa meza usiokaa sawa. Wasingeweza kuifanyia kingine. Hakuna aliyeisoma, wala Venansia, na mimi herufi zilikuwa zinatembea pamoja na panya.

Siku nilipokakamaa mwili wote na kupinda macho, walidhani nimelala vizuri. Waliimba wimbo wa shukrani. Ni Venansia aliyeona povu kwenye mdomo wangu, akapiga kelele, wakanibeba kwenye mkeka mchana kweupe hadi dispensari, watu wakivua kofia njiani kwa kudhani ni maiti. Sista alisema wangechelewa kidogo tu, wale waliovua kofia wasingekuwa wamekosea.

Sindano zilikwisha mvua zikiwa zinapungua. Mwili haukurudi kama ulivyoondoka. Uso ulipungua uvimbe nikapata sura ambayo binti yangu Furaha aliiangalia kwanza kabla ya kunisalimu. Nyayo ziliwaka kama ninakanyaga makaa, na nilikuwa naziweka kwenye beseni la maji ya ziwa huku wageni wakifanya kama hawaoni. Mikono ilitulia polepole. Siku nilipoweza kuchora jogoo mwenye miguu miwili, nilimwonyesha Venansia. Aliangalia, akaendelea kuchambua mchele. Lakini jioni yake nilikuta kile kipande cha gunia kimetundikwa ukutani.

Mama Kavira ndiye aliyekiona pale.

"Papa Furaha, weye unajua kuandikia magunia."

"Ni kazi yangu."

"Basi tuandikie na siye. Batu yetu haisomi, lakini inajua alama. Ile yote Sista alisema, tuandikie kama unaandikia magunia."

Mimi ni mtu wa bei. "Na mimi nitapata nini?"

"Ulishapata. Ulikunywa uji yetu mvua nzima."

Nilijaribu kushusha. Nikasema uji ulikuwa mwepesi. Akasema basi ataleta mzito, na nitaunywa mbele yake mpaka picha ziishe. Nikakubali. Sijawahi kufanya biashara mbaya kiasi kile.

Nilidhani ni kazi ndogo. Nilitafuta mifuko ya pamba ya unga wa ngano, nikaichana, nikachora kwa rangi yangu. Picha ya kwanza ilikuwa mkono unaotetemeka, na mistari mingi pembeni. Mama Kavira akaigeuza huku na huku.

"Huyu anapiga ngoma?"

Nikachora panya wenye kofia, ili wajue mgonjwa anaona nini. Hakuna mama aliyekubali kulala na nguo ile nyumbani. Nikachora saa, waone wapi pa kungoja na wapi pa kukimbia. Wakaidhani kikombe, wakaniuliza kina kazi gani. Nikachora jua likipanda na kushuka; wakati wa mvua hapa Goma jua ni hadithi tu. Mwisho nikaacha kuchora ninachokijua mimi, nikawauliza wao walikuwa wakiangalia nini walipokaa nami. Walikuwa wanaangalia kikombe cha uji. Kama mgonjwa anakishika mwenyewe, kama anakimwaga, kama hawezi kufungua meno. Basi nikachora vikombe. Kikombe mkononi: kaa naye. Kikombe kinachomwagika: mshikie, ita mwenzako. Kikombe chini, mtu amekakamaa na kupinda macho: mbebe, kimbia. Mistari michache, minene, ionekane ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Nilichagua nguo, si karatasi, kwa sababu mama anaifunga kiunoni chini ya kitenge, ikimwagikiwa uji anaifua, ikikauka anarudi nayo kazini.

Kwa nguo zile akina mama walikaa na fundi mmoja wa mawe, jina lake Batista, kijana kutoka Masisi asiye na ndugu hapa mjini. Alikuwa anakaa na mafundi wenzake katika boma moja. Kikombe kilipoanguka, walikimbia naye. Hawakuimba. Sista aliniita nije nimwone akiwa ameketi, na mimi dalali wa ng'ombe nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyeuza fahali wa chifu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Sista alikuwa amesema kazi ngumu ni baada ya dawa, mtu akirudi kwa watu. Nikachora nguo ya hiyo pia. Mwanamke ameshika mtungi wenye mrija. Mwanamume amegeuza uso, amenyoosha mkono kuusukuma. Mimi nilimaanisha: kataa. Nilijiona fundi. Mama Kavira aliipeleka kwa Batista, akaitundika ukutani katika boma la mafundi, akaenda zake kanisani.

Mafundi waliporudi kutoka kazini waliiangalia picha. Hawakuona mtu anayeacha pombe. Waliona kile ambacho mtu yeyote wa hapa angekiona: mtu anayegeuza uso kwenye mtungi amejua kwamba ndani mna sumu. Basi ndiyo sababu Batista alikuwa akitapika na kukakamaa! Na mama wa mtungi, kwao, alikuwa mmoja tu, Mama Sifa, jirani anayewapikia kasiksi kila wiki. Walichukua nyundo zao za mawe, wakaenda.

Mama Kavira alitoka misani akakuta kelele. Alisimama kwenye mlango wa Mama Sifa, mikono huku na huku. Mitungi iliyokuwa nje waliivunja yote. Mama Sifa alikuwa ndani na watoto wake, amesukuma kitanda nyuma ya mlango.

Nilipofika wameshatulizwa, pombe imetiririka kati ya mawe, nzi wameanza. Mama Sifa alitoka, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ni weye ulichora?"

"Ni mimi, mama."

"Miye nilikupa sumu siku gani?"

"Hata siku moja."

"Miaka yote ulikunywa hapa, ukaanguka hapa, muke wako akakuja kukuokota hapa. Nilikufunika na kitenge yangu mvua ikinyesha. Sasa unanichora mimi muchawi?"

Nilimwambia nitaleta mitungi mingine. Akasema, "Leta. Lakini jina yangu utaiokota wapi?" Mafundi walimwomba msamaha, alikubali kwa mdomo. Hata leo kuna watu wanaopita kwake bila kunywa, na si kwa sababu wameacha pombe.

Ile nguo niliichoma. Lakini swali halikuungua. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijarudi kazini. Kiangazi kilikuwa kimeanza, watu wanauza ng'ombe, na mimi nimekaa nyumbani naosha miguu, kwa sababu sikujua nitakaaje mbele ya mtungi wa mtu bila kumtukana au kurudi kaburini. Furaha alikuwa anahitaji viatu vya shule. Mzee mmoja wa Kiwanja, Muzee Rwabika, alinitumia habari kwamba ana fahali, na kwamba hamtaki dalali mwingine. Nikapanda kamio. Nilipogeuka, Venansia amekaa juu ya magunia nyuma yangu.

"Unakwenda wapi?"

Akafunga kitenge chake vizuri. Njia nzima vumbi tu.

Tulipatana bei ya fahali kabla ya mchana. Muzee alipiga makofi, mtungi ukatoka. Akaonja, wote tukimwangalia. Mrija ukanigeukia. Nilisikia harufu, na mate yakanijaa mdomoni kama ya mbwa. Nilijua kabisa kwamba nikigusa nitakunywa, nikikataa nimeondoka Kiwanja milele. Mkono wangu ulianza kuinuka. Huo ndio ukweli.

Mkono wa Venansia ukapita mbele ya wangu. Alichukua mrija. Yeye asiyeweza kuvumilia hata harufu ya kasiksi, alinywa, akameza, akaufuta kwa kiganja na kumrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Muzee, mume wangu alikuwa mugonjwa, Mungu amemurudisha. Mudomo yangu na yake ni moja. Nimekunywa kwa wote wawili. Pombe yako ni muzuri."

Muzee Rwabika alimwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia pengo langu.

"Ni sawa," akasema. "Leo amekunywa kwa mudomo yenye meno."

Wakacheka wote, mimi pia. Mrija ukapita kwa mwingine. Fahali akafunguliwa. Tukirudi, juu ya kamio, Venansia alitapika pembeni, halafu akaanza kunigombeza: kwamba bei niliyotoa ilikuwa ya mjinga, kwamba yule fahali ana jicho bovu, kwamba miguu yangu inanuka. Alinigombeza kutoka Rutshuru mpaka taa za Goma. Sikumkatiza hata mara moja.

Wiki ile nilichora nguo mpya. Mwenye nyumba anaonja. Mtu aliyepona ameketi, uso umeelekea mtungi kwa heshima, viganja juu ya magoti. Karibu naye kabisa, bega kwa bega, mke au ndugu yake ameshika mrija. Kabla ya kuitoa niliipeleka kwanza kwa Mama Sifa. Aliikazia macho kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna mutu wa sumu," akasema mwisho. "Ipeleke."

Inafanya kazi. Wapo wanaume ambao dada zao wanawanywea, wapo wanaonywewa na wakwe, na mmoja ananywewa na mama yake mzazi, kikongwe ambaye siku hizi anarudi nyumbani kutoka harusini akiimba. Hiyo nimewaonya akina mama waichunguze.

Lakini niliipeleka kwa Batista pia. Ameshapata nafuu, mikono yake imetulia kuliko yangu. Hatoki. Mafundi wa mawe hawaanzi msingi wa nyumba bila mtungi kupita kwa kila aliyeshika nyundo, na kwa hiyo tangu apone hajashika nyundo. Aliiangalia nguo, akaweka kidole juu ya yule aliyekaa bega kwa bega.

"Papa, huyu ni nani?"

"Ni ndugu wa mugonjwa."

"Miye sina."

Nikataja mafundi wenzake. Akasema wote wanakunywa kwa midomo yao wenyewe na hakuna nafasi ya wa pili. Nikamtaja Mama Kavira. Mama mwenyewe alikataa: mjane akishika mrija kwa ajili ya kijana asiye mwanawe, kesho mji mzima una habari nyingine, na kazi yao yote itakwisha. Nikajitaja mimi. Tuliachia hapo, kwa sababu sote wawili tunajua mrija ule ungeishia wapi.

Mvua zilirudi, na sasa zinakaribia kukatika. Zikikatika, watu wataanza kujenga, na Batista hawezi kula uji wa wanawake mwaka mzima. Atatoka. Atasimama kwenye msingi wa mtu fulani, mtungi utaletwa, na pembeni yake hakutakuwa na mtu. Nimeweka mfuko wa unga mezani, nimechora mwenye nyumba, mtungi na kijana. Kando ya kijana pameachwa wazi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, uwe wa Masisi, Beni, Bukavu au ng'ambo ya ziwa, au umepita ugonjwa huu ukiwa peke yako kwa watu wageni: kwenu, mtu asiye na ndugu anaupitishaje mrija bila kunywa, na mwenye nyumba akabaki na jina lake? Kama kuna njia, niambie, au mwambie Mama yeyote wa uji utakayemkuta dispensari, naye atanifikishia. Hata ukichora vibaya, nitaelewa. Usikawie.